Kifafa: mtoni, chooni na darasani

Jiko la mafiga matatu hukaa chini, usawa wa magoti. Mtu mwenye kifafa akishikwa akiwa amechutama pale, huangukia motoni, na kwa dakika moja au mbili hana uwezo wa kujinasua. Wahudumu wa zahanati za vijijini wanayajua makovu hayo ya mikononi na usoni. Huwaeleza mengi kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kovu la namna hiyo lina habari mbili. Moja ni ya ubongo uliopoteza mpangilio wake kwa ghafla. Nyingine ni ya watu waliokuwapo wakati ule. Mara nyingi walirudi nyuma badala ya kusogea mbele, kwa kuwa tangu utotoni waliambiwa kwamba mapovu, mkojo au ushuzi wa mtu anayeanguka huambukiza.

Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanane kati ya kila kumi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wote wangeweza kuishi bila kuanguka tena endapo wangetambuliwa na kupewa dawa inavyopasa. Dawa yenyewe si ngeni. Fenobabitoni imejulikana kuwa inazuia kifafa tangu 1912, daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alipowapa wagonjwa wake, na tiba ya mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani. Hata hivyo, robo tatu ya wagonjwa wa nchi maskini hawaipati tiba wanayoihitaji.

Ni jambo la kuumiza. Ugonjwa una dawa ya zaidi ya miaka mia moja, dawa ni rahisi, na bado watoto wanaungua. Tafiti zilizofanywa Afrika Mashariki kwa miaka sitini sasa zinatoa jibu ambalo wizara zetu zimechelewa kulipokea: kifafa hakikai katika idara moja. Kinga yake iko mtoni, chooni na kwenye wodi ya wazazi. Tiba yake iko kwenye kabati la dawa la zahanati. Maisha ya mgonjwa baada ya tiba yako mikononi mwa mwalimu, jirani, mchumba na hakimu. Sehemu moja ikilala, kazi ya nyingine hupotea.

Historia ya utafiti huu kwa Tanzania inaanzia Mahenge, milimani kusini mwa Mkoa wa Morogoro, nchi ya Wapogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika huko akiwa kijana na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa. Alikuta watu wengi mno wenye ugonjwa huo. Wengine walikuwa wamejengewa vibanda vya peke yao, wanakula kwenye vyombo vyao, hawaguswi. Neno lenyewe lilikuwa zito. Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia neno kifafa bila kusikia kufa ndani yake. Jilek-Aall alitibu kwa fenobabitoni, na wagonjwa walipoacha kuanguka, majirani waliona kwa macho yao kwamba kumbe mtu huyu alikuwa mgonjwa tu, kama wagonjwa wengine. Alifanya jambo moja zaidi. Aliandika kila alichokiona, kikiwamo kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikuwa nacho: watoto waliokuwa wakisinzia, kichwa kikidondoka kifuani tena na tena, kisha miezi au miaka michache baadaye wakaanza kuanguka kabisa.

Maelezo hayo yalikaa kwa miongo mingi bila kugusa dunia. Baadaye watoto wa Sudan Kusini na wa Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda walipoanza kusinzia vivyo hivyo, na wataalamu wa mataifa makubwa wakaja na vifaa vyao, ndipo makaratasi ya Mahenge yalipotafutwa tena.

Kati ya hapo, watafiti wa Tanzania hawakukaa bure. Mwaka 1992 Henry Rwiza na wenzake walichapisha matokeo ya kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Wilaya ya Ulanga, ambamo Mahenge imo, wakiwafikia watu zaidi ya 18,000. Walikuta watu 10 wenye kifafa katika kila 1,000, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha nchi tajiri. Mwaka uliofuata wakatoa utafiti wa pili, na huu unastahili kusomwa polepole. Waliwauliza wanavijiji zaidi ya 3,000 wanakifahamu vipi kifafa. Wanne kati ya kumi waliamini kinaambukiza, kwa kugusana, kwa pumzi au kwa kula pamoja. Zaidi ya asilimia 60 walisema wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa aende shule.

Ila sababu walizotoa hazikuwa za ukatili. Wengi zaidi walihofia mtoto ataanguka njiani akiwa peke yake. Wengine walidhani akili yake haitashika masomo. Waliohofia kwamba angeambukiza wenzake walikuwa karibu mmoja tu kati ya kumi. Maana yake ni kwamba mzazi anayemfungia mtoto ndani mara nyingi anamlinda kwa njia pekee anayoijua. Kampeni inayomjia mzazi huyo kwa kumkaripia kuwa ana imani potofu imekosea mlango. Anahitaji kusikia kwamba dawa ikinywewa kila siku, safari ya shule itakuwa salama, na kwamba mwalimu atajua la kufanya siku mambo yakiharibika: kumgeuza mtoto ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kutomtia kijiko wala kitu chochote mdomoni, kutomkandamiza, na kumkimbiza hospitali ikiwa dakika tano zimepita na bado anatetemeka.

Lakini kwa nini Ulanga? Jibu lilikuwa likiruka juu ya mito. Nzi weusi wadogo wanaoeneza usubi hutaga mayai kwenye maji yaendayo kasi, yale yanayopiga mawe na kutoa povu, na Mahenge ni nchi ya mito ya namna hiyo. Nzi akimuuma mtu humwachia mnyoo ambao ukikomaa hukaa chini ya ngozi miaka 10 na zaidi, ukimwaga vimelea wachanga wasiohesabika. Kwa muda mrefu usubi ulijulikana kwa kuwasha ngozi na kupofua macho. Kwamba unaweza pia kuleta kifafa lilikuwa jambo la kubishaniwa, mpaka watafiti waliporudi katika bonde la mto Mbam nchini Kamerun. Huko kulikuwa na kumbukumbu za miaka ya 1991 na 1992 zilizoonyesha kila mtoto alikuwa na vimelea wangapi kwenye ngozi. Mwaka 2017 watu walewale walifuatiliwa, na ikaonekana kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vimelea wengi, ndivyo uwezekano wa kupata kifafa baadaye ulivyopanda. Wanasayansi bado wanabishana jinsi mnyoo wa ngozini unavyoudhuru ubongo. Uhusiano wenyewe sasa ni vigumu kuukana.

Dawa ya usubi, aivamektini, imekuwa ikitolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987. Mahenge ilianza kuigawa kwa jamii nzima mwaka 1997. Mgawa dawa ni mwanakijiji mwenyewe, anapita na kijiti chenye alama. Humsimamisha mtu kando ya kijiti, na urefu wake ndio unaoamua anywe vidonge vingapi. Hakuna mizani wala maabara. Jambo hili la kawaida kabisa limeokoa macho ya Waafrika wengi.

Hata hivyo, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp walipopima vijiji vya Mahenge mwaka 2017 na 2018, baada ya miongo miwili ya ugawaji, walikuta kifafa bado kiko juu sana, hasa vijiji vya ndani, na watoto bado wanaambukizwa usubi. Ugawaji wa mara moja kwa mwaka ulikuwa na matundu. Aivamektini huua vimelea wachanga lakini humwacha mnyoo mzima akiwa hai. Mtu akiruka mzunguko mmoja kwa kuwa alikuwa shambani au safarini, au kwa kuogopa kuwashwa na kuvimba baada ya kumeza, huwa amewalisha tena nzi wa mtoni. Mwaka 2019 Mahenge ikahamia ugawaji wa mara mbili kwa mwaka, na wafuatiliaji waliorudi vijijini wameripoti kwamba wagonjwa wapya wa kifafa wamepungua sana. Kaskazini mwa Uganda, ambako kuanzia 2012 dawa iligawiwa mara mbili kwa mwaka na mito ikatiwa dawa ya kuua viluwiluwi wa nzi, watoto wapya wanaosinzia karibu wametoweka.

Fikiria hilo lina maana gani. Ugonjwa wa ubongo, ambao kwa karne nyingi ulihesabiwa kuwa laana ya ukoo, unapunguzwa na mtu anayetembea kwa miguu na kijiti cha kupimia urefu.

Mahali pengine njia ya kifafa hupita chooni. Katika wilaya za Mbulu na Mbozi nchini Tanzania, na ng'ambo katika Kenya ya magharibi, adui ni tegu wa nguruwe. Hapa watu wengi huchanganya mambo, hata wasomi. Mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge isiyoiva hupata tegu tumboni, na tegu huyo mara nyingi hamuumizi sana. Hatari kubwa iko kwenye mayai ya tegu yanayotoka na kinyesi cha mtu huyo. Yakiingia kwenye maji, mboga au mikono isiyonawiwa, yakamezwa na mtu yeyote, viluwiluwi hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na wengine huweka makao ubongoni. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake, Mwislamu au Msabato, anaweza kupata kifafa cha tegu kutokana na choo cha jirani. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo yenye tegu takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana na mdudu huyu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao ni wataalamu wa mifugo kabla ya kuwa wa binadamu, wamesema kwa miaka mingi kwamba kinga yake ni nguruwe kufungiwa bandani, nyama kukaguliwa, choo kuwapo na kutumika. Orodha hiyo haina kazi hata moja ya daktari wa ubongo.

Njia nyingine ni homa na uzazi. Mama wa pwani akiona mtoto ana homa kali, macho yamegeuka na viungo vinakakamaa, anasema mtoto ana degedege, na zamani alielewa kwamba ni ndege au pepo aliyepita. Utafiti uliochapishwa 1996 kutoka Wilaya ya Bagamoyo ulionyesha tatizo kwa uwazi: wazazi walijua kutofautisha degedege na homa ya kawaida, na kwa kuwa waliitofautisha, waliipeleka kwa mganga kwanza. Elimu yao ya asili haikuwa ujinga. Iliona dalili halisi za malaria kali na kuzipa tafsiri yake. Walichofanya watafiti ni kushauri kwamba neno hilohilo, degedege, litumike kuwaambia wazazi wakimbilie hospitali. Kilifi, watafiti wa Kenya walifuatilia watoto waliopona malaria kali wakakuta kifafa kimekuwa kingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Tafiti za Kilifi, Ifakara na maeneo mengine matatu ya Afrika zilionyesha pia kuwa matatizo wakati wa kuzaliwa na majeraha ya kichwa yana mkono wao. Mkunga anayejua kumsaidia mtoto apumue mara tu anapozaliwa anazuia kifafa, ijapokuwa hakuna atakayemshukuru kwa hilo.

Sasa tuseme mgonjwa ameshapatikana. Kituo cha Kilifi cha taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kilifanya hesabu iliyotoka 2012 baada ya kuwafikia watu zaidi ya 230,000: asilimia 62 ya wenye kifafa hawakuwa kwenye tiba inayofaa. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, ambako barabara ni nzuri na shule ni nyingi, hali ilikuwa vilevile, theluthi mbili bila tiba. Na kukosa tiba si kukosa raha tu. Kilifi iligundulika kwamba mtu mwenye kifafa alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara sita ya majirani wa umri wake, na chanzo kikubwa kilikuwa kuanguka mfululizo bila kukata, hali inayowapata hasa wasiomeza dawa.

Ni nini kinachowazuia? Utafiti wa Kilifi ulitaja imani za kimapokeo, ndiyo. Lakini ulitaja pia kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka hospitali, na kulipia dawa. Aliyekuwa na kifafa zaidi ya miaka 10 alikuwa mbali zaidi na tiba. Mtu huchoka, familia huchoka, fedha za mganga zimekwisha na za basi hazipo. Watafiti hao walikaa na waganga wa Kigiriama wa eneo hilo vilevile, wakahitimisha kwamba waganga wana nafasi yao jirani na hospitali na kwamba kuwapiga vita hakutamrudisha mgonjwa kliniki.

Kisha ukaja utafiti ambao kila ofisa wa elimu ya afya angepaswa kuujua. Mwaka 2014 watafiti wa Kilifi walichapisha jaribio: wagonjwa zaidi ya 700 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likafundishwa kwa kina kuhusu kifafa na dawa zake, lingine likasubiri. Mwaka mmoja baadaye damu zao zikapimwa. Waliofundishwa walikuwa wamebadili mawazo yao kuhusu chanzo na hatari za kifafa. Lakini kiasi cha dawa katika damu hakikuwatofautisha na wenzao. Yaani elimu ilifika kichwani, vidonge havikufika tumboni kwa wingi zaidi. Wengine wangeyaficha matokeo ya namna hiyo, hawa waliyachapa. Yanatuonyesha kwamba ule usemi uliozoeleka kwenye warsha, eti jamii yetu inahitaji kuelimishwa tu, ni njia ya kuwatupia maskini mzigo wa kabati tupu la zahanati. Mama aliyetembea kilomita nyingi akaambiwa dawa zimekwisha, arudi mwezi ujao, hana upungufu wa elimu. Na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka vibaya kuliko kabla hajaianza, kisha kijiji kizima kikasema dawa za hospitali haziwezi ugonjwa huu.

Uchaguzi wa dawa nao ni suala la haki. Valproeti inazuia kifafa vizuri, lakini mimba ikitunga mwanamke akiwa anaitumia, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro au kuchelewa akili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri isipewe wasichana na wanawake wenye uwezo wa kuzaa. Kwenye zahanati yenye aina moja au mbili tu za dawa, ushauri huo unabaki karatasini, na msichana anayetaka familia siku moja huachwa achague kati ya kuanguka na kuhofia uzazi.

Na familia yenyewe, sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 39, ilipotungwa iliweka kifafa cha mara kwa mara kando ya wazimu na magonjwa ya zinaa yanayoambukiza kama sababu ya kuomba ndoa ibatilishwe, iwapo mwenzi alikuwa nacho wakati wa kufunga ndoa. Maneno hayo hayakutoka kwa wazee wa Kipogoro wala wa Kigiriama. Yana ukoo Uingereza, ambako sheria ya 1937 iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya wazimu au kifafa. Waingereza wakakiondoa kifafa katika sheria yao mwaka 1971, mwaka uleule ambao Tanzania ilikiandika katika yake. Wakati watafiti wa Ulanga walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba kifafa ni ugonjwa unaotibika, kitabu cha sheria kilikuwa kikiwaambia kitu kingine, na kitabu cha sheria kina mamlaka ambayo mtafiti hana.

Mei 2022, Mkutano wa Afya Duniani uliridhia mpango wa miaka kumi wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, hadi 2031. Unazitaka nchi ziongeze kwa nusu huduma za kifafa zilizokuwapo 2021, na unataja sheria za haki za wagonjwa katika mpango huohuo unaotaja dawa. Hapo angalau karatasi imewakuta wanavijiji walikokuwa. Fedha ndizo zitakazoonyesha kama mto, choo, kabati la dawa na dawati vitapangiwa bajeti na watu wanaoongea wao kwa wao.

Huko Mahenge, watoto wanaosimamishwa kando ya kijiti cha mgawa dawa mara mbili kwa mwaka wana nafasi ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Ila kijiti hicho kimewafikia wengine wakiwa wamechelewa. Kuna vijana wa kiume na wa kike, leo watu wazima, walioanza kusinzia kabla ugawaji haujaongezwa. Aivamektini haitairudisha akili iliyoumia wala miaka ya shule waliyokaa nyumbani. Wanahitaji fenobabitoni au kabamazepini kila mwezi bila kukatika, kutoka zahanati wanayoweza kuifikia kwa miguu, jiko lililoinuliwa kutoka chini, na mtu wa kukaa nao wanapokwenda kuteka maji mtoni.